Santuri, faili na vumbi la Dodoma

Kila anayejua kwamba nimerudi kwenye kusikiliza muziki kwa kutulia, kwa vyombo vya maana, huniuliza swali lile lile: santuri au dijitali? Nami humrudishia swali: unataka kumsikiliza nani? Ukitaka kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe jibu ni moja, ukitaka kumsikiliza Hukwe Zawose jibu ni jingine. Wa kwanza, mpiga gitaa wa muziki wa dansi, jina lake lilikua Morogoro, kwa jirani zetu, na wa pili, mwanamuziki wa asili, ni Mgogo, mtoto wa mkoa huu huu wa Dodoma. Sijaona njia nyingine ya kulijibu swali hili isiyoishia kwenye ubishi wa kijiweni.

Sikuwahi kuamua kuacha. Maisha ya kupanga Dar es Salaam, ukuta mmoja na jirani, bajaji dirishani mpaka usiku wa manane, hayana nafasi ya muziki wa namna hiyo. Muziki ukawa wa redio jikoni, wa daladala, baadaye wa spika ya simu. Ofisi yetu ilipohamia Dodoma, ule mpango uliopitishwa mwaka 1973 nikiwa mtoto na ukaja kutekelezwa kwa kasi kuanzia 2016, wenzangu wengi walilalamika. Kwangu mimi ilikuwa kurudi nyumbani. Nikajenga Ipagala. Saa tatu usiku mtaa umeshatulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikawa na sebule ambayo naweza kukaa nikasikia mwisho wa wimbo unavyofifia mpaka unakwisha.

Baba alikuwa karani wa reli. Gramafoni yake ilipotea zamani katika kuhamahama, ila santuri zilibaki kwa dada yangu Makole, kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, zimefungwa khanga. Nilipomwambia nimehamia moja kwa moja, alisema, "Basi kaka, njoo uchukue mzigo wako, umenikalia chumbani tangu msiba wa mzee." Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Karibu zote lebo zake zinasema Nairobi.

Hili la Nairobi ndilo lililonifundisha mambo kuliko lolote, kwa hiyo nitalieleza. Bendi zetu za miaka ya sitini na sabini zilirekodiwa sana na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini RTD ilirekodi kwa ajili ya kurusha hewani. Kanda zile zilikaa maktaba. Mwananchi aliyetaka wimbo wa kupiga nyumbani alitegemea santuri, na santuri nyingi za bendi zetu zilitengenezwa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa mpaka 1983, njia hiyo ikawa ngumu. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alifia upande wa Kenya, kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, mwaka 1979. Kisha zikaja kaseti, na kaseti zikarudufiwa kutoka kaseti nyingine, na hizo nazo zikarudufiwa. Kila nakala ilipoteza kidogo. Kwa hiyo wimbo wa wakati ule ukiupata leo kwenye simu, jiulize umepitia mikono mingapi kabla ya kukufikia.

Mimi nilijiuliza kwa vitendo. Wimbo mmoja ambao ninao kwenye santuri ya baba niliukuta mtandaoni, nikausikiliza mara kadhaa. Ulitoka kwenye kaseti, hilo halikujificha. Aliyeuweka alitaka kuondoa mvumo wa kanda, akatumia programu ya kusafisha, na programu ikaondoka na vitu vingine: matoazi yamekuwa kama yamefunikwa blanketi, sauti ya mwimbaji ina utelezi wa ajabu mwishoni mwa maneno. Tena uko chini. Mpwa wangu anayepiga kinanda cha kwaya alikuja tukaulinganisha, tukaukuta umeshuka karibu nusu sauti, maana kaseti ile ilizunguka taratibu kuliko inavyotakiwa ilipokuwa ikinakiliwa. Gitaa la solo lililokuwa likicheka kwenye santuri, huku limechoka. Mtu aliyeanza kuujua wimbo huo kwenye simu atadhani bendi yenyewe ilikuwa nzito namna ile, na hilo linaniuma, kwa sababu waliopiga hawako tena kujitetea.

Basi kwa muziki huu santuri ilishinda, na sababu ni kwamba ndiyo nakala iliyo karibu zaidi na siku ile waliyopiga. Nasisitiza hivyo kwa sababu wapenzi wengi wa santuri watakuambia habari ya joto la sauti, kana kwamba plastiki ina roho. Nitarudi hapo.

Mashine ya kupigia santuri niliipata Kariakoo, Technics ya mtumba iliyokuja na mzigo wa Japani. Kabla ya kuichomeka niliipeleka kwa fundi mmoja mzee karibu na soko la Majengo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hiyo imetoka wapi?"

"Japani. Nimeambiwa ni nzima."

"Uzima wake tutauona. Igeuze kwanza tusome mgongoni."

Akavaa miwani, akafuta kibandiko kwa kidole. Volti 100. Umeme wetu ni volti 230. "Hii ukiichomeka ukutani hapo, mzee mwenzangu, unaiua kwa sekunde," alisema, kisha akanitengenezea transfoma ya kushusha, akaandika kwa rangi nyekundu juu yake: SANTURI TU. Akaniuliza pia kama mota inaongozwa na umeme wa ukutani au na kioo cha kwatsi. Kuna mashine ambazo mota huzungusha sahani kwa mkanda wa mpira, zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani, ambako umeme una mizunguko 60 kwa sekunde. Zikija huku kwenye mizunguko 50, sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka kama mara 28, na kila mwimbaji anakuwa mnene. Yangu ni ya kwatsi, haijali. Jioni mtaani kwetu umeme hupungua nguvu watu wote wakiwasha vyombo, kwa hiyo nyuma ya kila kitu nimeweka stabilaiza. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, sahani nzito haisimami papo hapo. Inaendelea kwa nguvu zake yenyewe huku amplifaya imekwisha nyamaza, na ukiinama karibu unasikia sindano peke yake ikiimba, sauti ya mdudu, ikishuka na kushuka. Wajukuu wanaipenda kuliko wimbo.

Sindano haitoi umeme wa maana. Kichwa kinachoishika, kile cha kawaida cha sumaku, hutoa kama sehemu tano tu za elfu moja za volti, kidogo mno kwa amplifaya, kwa hiyo lazima pawe na hatua ya kwanza ya kukuza, ile ambayo amplifaya za zamani zilikuwa nayo ndani na nyingi za sasa hazina. Tena hatua hiyo ina kazi ya pili ambayo watu hawaijui. Santuri inapokatwa, besi hupunguzwa ili mifereji isiwe mipana ikala nafasi, na sauti kali huongezwa ili zizidi ule mkwaruzo wa sindano. Wakati wa kupiga, mambo hayo lazima yageuzwe kinyume, kwa kipimo kilekile. Viwanda vilikubaliana juu ya kipimo hicho katikati ya miaka ya hamsini. Ukichomeka mashine moja kwa moja kwenye sabufa bila hatua hiyo, utasikia sauti nyembamba kama ya simu ya mezani, halafu utasema santuri hazina kitu.

Sasa vumbi. Kitabu chochote cha santuri kitakuambia zifute vumbi, lakini aliyekiandika hajawahi kuishi Dodoma mwezi wa nane. Mvua zetu huanza Desemba hivi, zikiisha Aprili zimekwisha, na baada ya hapo ni ukavu na upepo mpaka mwaka unakaribia kuisha. Vumbi jekundu linapita kwenye nyavu za madirisha, linapita chini ya mlango, asubuhi unaandika jina lako mezani. Na ukavu wenyewe ni adui wa pili. Mwezi wa saba ukichomoa santuri kwenye mfuko wake wa nailoni unasikia inatoa cheche ndogo ndogo, tiktiktik, na malaika ya mkono yanasimama. Ni umeme tuli. Sahani iliyopata umeme huo hulivuta vumbi kutoka hewani mbele ya macho yako, na kitambaa kikavu hukiongezea umeme kile ulichotaka kukisaidia.

Kwa hiyo huku kwetu santuri huoshwa, haifutwi. Nachukua bakuli pana na sifongo laini, naishika sahani kwa kingo, vidole havigusi mifereji. Lebo naifunika kwa kifuniko cha plastiki chenye mpira. Maji ya bomba siyatumii. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka visima vya Makutupora, na kila mwenye birika Dodoma anajua utando mweupe unaobaki chini yake. Utando ule ule ungebaki ndani ya mfereji ambao ni mwembamba kuliko unywele. Natumia maji ya betri, yale safi ya kuongezea yanayouzwa vituo vya mafuta, na hapa kuwa makini sana, maana jirani yake kwenye rafu ni tindikali na chupa zinafanana. Tone la sabuni ya vyombo, sifongo inafuata mzunguko wa mifereji, haikatishi, kisha suuza mara mbili kwa maji yale yale safi, kisha sahani isimame wima kwenye kishikizo cha kukaushia vyombo, ndani ya chumba ambacho dirisha limefungwa. Maji yanayobaki bakulini kwa santuri za baba yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Hapo ndipo utakapojua kwamba nusu ya kile ulichodhani ni uchakavu ilikuwa ni uchafu. Kuna wimbo mmoja wa bendi ya Morogoro ambao nilikuwa nimeusamehe kabisa kwa mikwaruzo. Baada ya kuoshwa nikasikia kwamba kuna mtu anapiga chupa kwa mbali, nyuma ya mwimbaji, muda wote wa wimbo.

Zikishaoshwa zinaingia mifuko mipya na zinasimama wima rafuni, hazilaliani. Rafu haiko ukuta wa magharibi, kwa sababu ukuta huo hupigwa jua la mchana mpaka jioni, na vinaili, plastiki ya santuri, hulainika mapema sana ukilinganisha na plastiki nyingi. Kuiacha santuri kwenye gari lililoegeshwa juani, hata kwa muda wa kuingia benki, ni kuipoteza. Kwenye nyumba ya bati isiyo na dari pia ningesita.

Sindano nayo ina dini yake. Mwisho wa kila upande naangalia ncha kwa kioo cha kukuzia, na mara nyingi kuna kijipamba cha kijivu kimening'inia, vumbi lililokusanywa mferejini. Brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kinyume. Uzito ambao mkono wa mashine huikandamizia sindano nimeuweka karibu gramu mbili kama mtengenezaji wa kichwa alivyoelekeza. Vijana huupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, lakini sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuugonga kuta, na huko ndiko kuiharibu.

Nimekaa sana kwenye vumbi kwa sababu hapo ndipo bei halisi ya santuri ilipo kwa mtu wa mkoa huu. Siyo fedha tu. Ni muda, na mtu asiyependa kazi hiyo asijiingize, kwa sababu santuri chafu kwenye mashine nzuri inasikika vibaya kuliko faili la kawaida kwenye spika ya kawaida.

Upande wa dijitali mwalimu wangu ni kijana wa jirani anayesoma UDOM. Alikuja jioni moja na flashi. "Shikamoo anko. Leo nimekuletea FLAC, siyo MP3. Usikie tofauti." Nikamwambia marahaba, aingie, achomeke. Alichonieleza nimekihakiki kwa masikio na kwa kusoma, na nimekikubali. CD, tangu Sony na Philips walipoitoa mwaka 1982, huhifadhi sauti kwa kuipima mara 44,100 kila sekunde. Wengi tunafikiri kwa hiyo sauti inayotoka ina ngazi ngazi, kama picha yenye vijisanduku. Haina. Hesabu yenyewe inaonyesha kwamba sauti yoyote ambayo mtikisiko wake haufiki nusu ya idadi hiyo hurudishwa ikiwa kamili na laini, na sikio la binadamu mzima, tena kijana, linaishia kama mitikisiko 20,000 kwa sekunde. Langu halifiki huko tena. Tofauti kati ya ukimya na kelele kubwa ambayo CD inaweza kuibeba ni desibeli 96 hivi. Santuri nzuri iliyo safi iko karibu na 70. FLAC hubana ukubwa wa faili bila kutupa kitu. MP3 hutupa, na ikibanwa sana, kwenye kilobiti 128 kwa mfano, inaanza kutupa vitu ambavyo hata mimi navisikia.

Kuna jambo jingine la santuri ambalo halina dawa. Sahani inazunguka kwa mwendo mmoja, lakini duara la nje ni kubwa na la ndani ni dogo. Kwenye santuri kubwa ya mizunguko 33, sindano husafiri kama sentimita 50 kwa sekunde mwanzoni mwa upande, na karibu na lebo inasafiri kama 21 tu. Sauti ile ile inabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Ndiyo maana herufi za "s" na "sh" za mwimbaji huanza kukwaruza wimbo wa mwisho. Faili haina wimbo wa mwisho wa namna hiyo.

Jaribio lililonipa msimamo nilionao tulilifanya na kijana huyo huyo. Tulirekodi santuri moja kwenye kompyuta kwa ubora wa juu, biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde. Kisha tukasawazisha kiwango cha sauti cha santuri na cha faili kwa mita, si kwa kukisia, kwa sababu sikio la mtu hudanganywa kirahisi hapo: kinachopigwa kwa sauti ya juu kidogo tu kitaonekana bora. Nikakaa kwenye kiti, yeye akasimama nyuma yangu kwenye amplifaya, akawa anabadilisha chanzo bila kuniambia na kuandika daftarini. Kazi yangu ilikuwa kusema hii santuri, hii faili. Nilikuwa nabahatisha, na daftari likathibitisha hivyo. Kijana akakaa yeye, nami nikasimama nyuma. Akabahatisha vilevile, na masikio yake ni ya umri wa miaka ishirini na kitu.

Fikiria maana yake. Lile joto ambalo watu wanalisifu kwenye santuri, ule unene wa besi, ule mpapaso mwepesi kabla ya wimbo kuanza, vyote viliingia kwenye faili na vikatoka vilevile. Dijitali haikuviua. Kwa hiyo ukisikia CD au faili limekauka, lawama ni ya aliyeliandaa: ametoa wimbo kwenye kaseti mbovu, au amepandisha sauti yote mpaka juu ili ishinde nyimbo nyingine redioni, hadi ngoma na mwimbaji wakalingana kimo. Na ukinunua leo santuri mpya, jua kwamba nyingi zimekatwa kutoka faili za dijitali. Kwa muziki uliorekodiwa kwa kompyuta tangu mwanzo, santuri ni nakala ya faili, yenye vumbi juu yake. Bongo Fleva ninayoipenda, na ipo, naisikiliza kwenye faili bila wasiwasi wowote.

Ndiyo maana nikamtaja Hukwe Zawose. Kazi zake kubwa za nje zilitolewa na lebo ya Real World ya Uingereza, zikarekodiwa kwa vifaa vya kisasa kabla hajafariki mwaka 2003, na CD zake ni safi kabisa. Sasa msikilize akipiga ilimba, ala ya Wagogo yenye ndimi za chuma juu ya kasha. Wasioijua hudhani kuna spika imechanika, kwa sababu kila ulimi wa chuma ukikwanyuliwa kuna mvumo mwembamba unaoufuata, zzzz, kama nyuki ndani ya debe. Mvumo huo umewekwa kwa makusudi: kwenye kasha la ilimba hutobolewa matundu, nayo huzibwa kwa utando wa buibui, na utando ndio unaovuma. Nimesimama karibu na wapigaji Chamwino, nikaangalia mzee mmoja akikaza utando ule kwa ncha ya kidole huku ameinamisha sikio, anajaribu, anakaza tena, mpaka mvumo ukawa kama anavyoutaka.

Kwenye CD au FLAC mvumo huo una punje. Unasikia ulimi huu unavuma tofauti na ule, na unasikia ukiisha. Kwenye MP3 iliyobanwa sana unageuka kuwa ukungu mmoja, kwa sababu programu ya kubana inauona kama kelele na inaukata kwanza. Na kwenye santuri? Nikiwaza mvumo ule mwembamba juu ya mikwaruzo ya vumbi letu, sioni ungeponaje. Sauti ya Ugogo inataka ukimya nyuma yake, na ukimya huo dijitali inao. Ningependa sana vijana wanaorekodi vikundi vya ngoma vijijini kwa simu wajue hili: hifadhi faili la asili lisilobanwa. Ukilituma kwa WhatsApp likabanwa, ukafuta lile la kwanza, utando wa buibui umeupoteza moja kwa moja.

Kuhusu spika na chumba nitasema kwa ufupi ingawa huko ndiko fedha zinakotakiwa kwenda kwanza. Tofauti kati ya spika nzuri na sabufa ya sebuleni ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya santuri na faili. Sabufa nyingi zina noti moja ya besi, na kila wimbo unalazimishwa kuiimba. Nilipata spika mbili za mtumba za mbao, sifongo za pembeni zimeoza, fundi wa Majengo akazibandika upya. Sebule za siku hizi ni vigae chini, plasta kuta zote, vioo, na sauti inadunda kama ndani ya tangi. Niliweka zulia zito katikati, pazia nene, kabati la vitabu ukuta wa nyuma, nikazivuta spika mbali na ukuta zaidi ya alivyopenda mke wangu. Yeye ndiye aliyesikia mabadiliko kwanza, akiwa jikoni: "Baba fulani, leo huyo anayeimba amesogea." Hatukugusa kitu kingine siku hiyo ila spika na zulia.

Sasa hivi nafanya hivi. Kila santuri ya baba inaoshwa, inapigwa mara moja ikiwa safi kuliko itakavyowahi kuwa tena, na inaporekodiwa kompyuta inakaa biti 24, kilele cha sauti nikiacha nafasi ya desibeli sita hivi juu ili chochote kisikatwe. Saa moja ya rekodi ya namna hiyo ni kama gigabaiti mbili kabla ya kubanwa kwa FLAC, si kitu siku hizi. Siondoi mikwaruzo kwa programu. Atakayekuja na programu bora miaka ijayo ataifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi, mradi akute rekodi haijachakachuliwa. Nakala moja iko kwangu, nyingine kwa dada Makole, mle mle chumbani kwake. Kisha santuri inarudi rafuni na jioni za kawaida nasikiliza faili. Jumapili mchana, na wageni wa rika langu wakija, natoa yenyewe, kwa sababu wanataka kuishika, kusoma lebo, kubishana nani alipiga besi. Habari imeenea, na wazee wengine wameanza kuniletea za kwao, moja moja, zimefungwa gazeti.

Zilizobaki ni zile nzito za mizunguko 78, chache, za kabla baba hajaoa. Hizo sijazigusa. Hizo si vinaili, ni shelaki, na spiriti inayosafisha vinaili ingeziyeyusha. Mfereji wake ni mpana zaidi sana, sindano niliyonayo ingezama chini kabisa na kukwangua uchafu, kwa hiyo zinahitaji sindano yake zenyewe. Fundi anasema kuna mtu Dar es Salaam anazo, na treni ya SGR ya asubuhi inamrudisha mtu siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi nitakwenda.